Meno 47 na mteremko wa Nithi

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi na familia jijini Nairobi, alinijia nyumbani karibu na Nkubu akiwa na furaha isiyofichika. Alikuwa amenunua Land Rover ya mwaka 1968. Tulipokwisha kuamkuana na chai kumiminwa, alinitolea swali lililomleta: "Mwalimu, niiachie difu zake za asili, au niitilie za Range Rover ili ipate mwendo?"

Swali hilo huulizwa sana huku kwetu, na aghalabu hujibiwa kwa ushabiki, kama watu wanaobishana juu ya timu za kandanda. Namwomba msomaji aniruhusu nilijibu leo kwa kirefu. Jibu langu nililipata kwa njia ambayo sipendi mtu mwingine aipitie. Isitoshe, ndani yake mna somo ambalo walimu wenzangu wa hisabati hulihangaikia ubaoni kila muhula pasipo na kielelezo cha kulishika mkononi.

Tuanze na difu yenyewe. Katikati ya ekseli, ndani ya lile bonge la chuma lililovimba kama chungu, mna gia mbili zilizoumana. Ndogo ni pinioni, nayo huzungushwa na propela itokayo kwenye giaboksi. Kubwa ni krauni, nayo ndiyo izungushayo magurudumu. Katika Land Rover za zamani, pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47. Gawanya 47 kwa 10, utapata 4.7, yaani propela sharti izunguke mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Range Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970 kwa watu waliotaka starehe na mwendo wa barabara kuu, ilipewa pinioni ya meno 13 na krauni ya meno 46. Hapo uwiano ni 3.54 hivi. Bonge la Range Rover huingia katika ekseli ya Land Rover kuukuu kana kwamba lilitengenezewa humo, na hapo ndipo kishawishi kinapoanzia.

Sasa tupige hesabu. Gurudumu la Land Rover ndefu husafiri takriban mita 2.4 kila linapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 1,333 kwa dakika, basi gurudumu huzunguka mara 555. Zidisha kwa 4.7, kisha kwa 1.15, ambao ni uwiano wa giaboksi ndogo iliyo nyuma ya ile kubwa, nawe utaona kwamba injini huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Weka 3.54 mahali pa 4.7, injini itashuka hadi mara 2,260 hivi. Makelele hupungua, petroli huenda ikapungua, na dereva huweza kuzungumza na abiria wake bila kupaaza sauti. Anayesafiri kila wiki katika tambarare ya Mwea, kati ya mashamba ya mpunga, ana haki ya kuvutiwa na hesabu hiyo.

Mimi nami ilinivutia. Mwaka 1998 nilikuwa nikifundisha hisabati, na Land Rover ya marehemu baba, iliyokuwa imebeba kahawa ya nyumba yetu hadi kiwandani kwa miaka mingi, ilikuwa imeniangukia mimi. Fundi mmoja wa jua kali, ambaye simtaji wala mji wake siutaji, aliniambia: "Mwalimu, nikikuwekea hizi za Range Rover, Nairobi utaiona karibu." Niliuza ndama, nikanunua difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Hilo la mbili alinishauri vyema: ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku utakapoingiza nguvu za mbele kwenye matope, ekseli hizo mbili zitavutana kama ng'ombe wasiopatana kwenye nira moja, na kitakachokatika ni chuma chako. Yale mengine hakuniambia. Nami, mwalimu wa uwiano, sikujiuliza.

Safari ya kwanza ya Nairobi ilikuwa raha tupu kuanzia Embu kwenda mbele. Dalili ya kwanza niliiona nyumbani, wala sikuitambua. Nilikuwa na desturi ya kuegesha gari kwenye mteremko wa ua wangu kwa kuvuta breki ya mkono tu. Jioni moja nikaliona linasogea polepole kuelekea kwenye migomba. Nikadhani breki imelegea, nikaikaza. Kumbe breki ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu; hushika propela, na ni difu inayozidisha nguvu yake kabla haijafika kwenye gurudumu. Difu iliyokuwa ikizidisha mara 4.7 sasa ilizidisha mara 3.54. Robo ya breki yangu ya mkono ilikuwa imekwenda zake, na hakuna nati yoyote iliyokuwa imelegea.

Muhula wa pili mwaka huo nilijitolea kuwapeleka wanafunzi sita kwenye mashindano ya hisabati huko Embu. Anayeifahamu barabara ya Meru hadi Embu anajua kwamba maji yote ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya huikata kabla ya kufika Tana. Mutonga, Nithi, Thuci na vijito visivyo na hesabu, kila kimoja kimejichimbia bonde lake, basi msafiri hushuka na kupanda, akashuka na kupanda tena. Katika mabonde hayo yote, la Nithi ndilo linalotisha. Daraja liko chini, barabara inaliteremkia kwa mpindo, na kingo za bonde ni ndefu.

Nilianza kuteremka nikiwa katika gia ya tatu, kama nilivyofanya kwa miaka yote. Spidomita ilisema 60. Nilihisi miti inapita kwa kasi kuliko ilivyostahili, lakini mtu akiambiwa na chombo kwamba ni 60 huamini chombo. Sasa naweza kuieleza hali hiyo kwa mstari mmoja: spidomita ya gari hilo huchukua hesabu yake kwenye giaboksi, kabla ya difu, kwa hiyo haikuwa na habari kwamba difu imebadilishwa. Iliposema 60, mwendo wetu halisi ulikuwa 80.

Injini, ambayo hapo zamani ilikuwa ikilizuia gari kama mtu anayevuta kamba kwa nyuma, sasa ilivuta kwa robo tatu tu ya nguvu yake ya awali. Nikakanyaga breki. Zilikuwa breki za duara za mtindo wa kale, ambazo zikipata moto hupoteza makali, nazo zikaanza kunuka. Nikaamua kurudi gia ya pili. Msomaji aliyeendesha gari la namna hiyo anajua kwamba gia ya kwanza na ya pili haziingii kwa hiari. Sharti ukanyage klachi mara mbili na kupandisha mizunguko ya injini katikati. Nilipandisha mizunguko kwa kipimo nilichozoea. Gia ikalia, ikanikataa, na kwa muda ambao sikuupima gari lilikuwa halina gia yoyote, likiteremka kwa uzito wake na wetu.

Mwanafunzi aliyeketi karibu nami hakupiga kelele. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, tuko salama?" Nilipandisha mizunguko tena, juu zaidi, na gia ya tatu ikakubali kurudi. Nikalisukuma gari pembeni kabisa, magurudumu ya kushoto yakasugua udongo wa mtaro, likapunguza mwendo, likasimama hatua chache kabla ya mpindo. Tulishuka, tukaketi kwenye majani mpaka magurudumu yalipoacha kutoa moshi. Kisha tukaenda Embu kwa gia ya pili na ya tatu, tukachelewa karatasi ya kwanza.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru lilianguka kwenye daraja hilohilo, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba difu ilihusika huko, wala basi si Land Rover. Nasema tu kwamba nilipoisikia habari ile redioni niliizima redio, nikatoka nje.

Hoja yangu basi ni hii, na ndiyo niliyomwambia mgeni wangu. Watu wetu huchagua difu kwa kuuliza gari litapanda namna gani na litakimbia namna gani. Ni maswali ya haki. Injini ya petroli ya lita 2.25 haikuwa na nguvu nyingi tangu ilipotoka kiwandani, na katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, kama ule wa mji wa Meru, hewa nyepesi huipunguzia takriban asilimia 15 ya nguvu hizo. Ukiiondolea difu yake ya 4.7, unapunguza robo nyingine ya mvuto katika kila gia. Lakini kupanda hakuui mtu. Gari likishindwa hukoroma, nawe hurudi gia ya chini. Swali lisiloulizwa ni la kuteremka. Difu ileile inayosaidia injini kuusukuma mlima ndiyo inayosaidia injini kuuzuia mteremko.

Najua wako watakaonipinga. Watasema kwamba Land Rover nyingi za huku zimekwisha kung'olewa injini zake za petroli na kutiliwa za dizeli za Kijapani zenye mvuto mkubwa. Hao nakubaliana nao kwa sehemu: injini yenye mvuto wa kutosha huweza kuibeba 3.54, na dizeli hasa haipendi kuzungushwa mara 3,000 kutwa kucha. Lakini na wao watengeneze spidomita, watie breki za kisasa, na wajifunze upya gia ya kuteremkia. Kuna pia ile gia ya ziada ya Fairey iliyofungwa nyuma ya giaboksi, inayopunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 22 na kumwachia dereva uhuru wa kuitoa anapofika bondeni. Hiyo ndiyo suluhisho la busara kupita yote. Kasoro yake ni kwamba haipatikani kwa urahisi, na ikipatikana bei yake humfanya mwalimu acheke.

Wazee watakumbuka kwamba Peugeot 404, gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, salun yake haikuwa na krauni wala pinioni bali gia yenye umbo la skurubu, ya uwiano wa 4.2. Haikuwa na haraka sana, lakini ilijua kupanda na kuteremka.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Badala ya kuwapa wanafunzi uwiano wa maembe na machungwa kila mwaka, waleteeni gari kuukuu uwanjani. Zuieni magurudumu matatu kwa mawe makubwa, maana breki ya mkono italazimika kuachiliwa ikiwa inashika propela kama yangu. Wekeni gia huru, inueni gurudumu moja la nyuma kwa jeki, na mtie alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mwanafunzi alizungushe gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili, wenzake wahesabu mizunguko ya propela. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu gurudumu la pili limekaa chini, na krauni huenda nusu ya mwendo wa lile linalozunguka. Wakipata minne na karibu robo tatu, ni 4.7. Wakipata mitatu na nusu na kidogo, waulizeni spidomita ya gari hilo inadanganya kwa kiasi gani.

Mgeni wangu alisikiliza yote hayo, akanyamaza, kisha akataka kujua difu zangu za Range Rover ziliishia wapi. Nilizing'oa wiki ileile ya mashindano na kurudisha za baba. Zile nyingine nilimuuzia mkulima mmoja wa mpunga kule Mwea, na nilipokutana naye miaka kadhaa baadaye aliniambia kwamba hajapata kuona gari tulivu kama lake. Nilimwuliza kama huwa anakuja Meru. Akasema hapana, hana jamaa huku.