Arosto ikiisha, kazi ya familia ndiyo kwanza inaanza

Nyumba nyingi za Keko, Dar es Salaam, kuanzia Machungwa hadi Magurumbasi, zimewahi kujaribu tiba moja ya uraibu wa unga, yaani heroini: kufuli. Kijana anaingizwa chumba cha uani, mlango unafungwa kwa nje, mama anapitisha uji na ndoo, kaka zake wanapokezana zamu. Usiku wa kwanza anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinamtoka. Wa pili anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, anaapa kwamba anakufa. Siku ya nne au ya tano anaomba chai. Wiki ikitimia anaoga, anakula wali, anaomba radhi kwa televisheni aliyoiuza, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Mara nyingi mwezi haujaisha, amerudi maskani.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Hana nia huyo. Karogwa. Kaamua kutuua kwa presha. Familia iliyokesha wiki nzima ina haki ya kuchoka, na hakuna wa kuilaumu kwa uchungu wake. Ila imedanganywa na kitu kimoja: iliiona arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, ikiisha, ikadhani ugonjwa umeisha.

Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa mofini, nayo hukaa kwenye vipokezi ambavyo mwili umejiwekea kwa ajili ya kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Ikimiminwa humo kila siku, ubongo unajirekebisha ili kuizoea. Ndiyo maana kete moja ya mwaka jana leo haitoshi, na ndiyo maana ikikosekana mwili unapiga kelele. Arosto huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki. Lakini zile sehemu za ubongo zinazohusika na raha, kumbukumbu na kujizuia haziponi kwa wiki. Huchukua miezi, kwa wengine miaka. Katika muda huo, kukutana na mtu aliyezoea kuvuta naye, kupita kichochoro kilekile, au kushika noti ya elfu kumi mkononi kunatosha kuamsha hamu kali ambayo mwenyewe hakuipangia.

Watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya watu wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani. Kiwango hicho kinakaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu na wa pumu ambao hali zao huharibika tena baada ya kutibiwa. Baba mwenye presha akila chumvi, presha ikampanda, hatumtupii virago nje. Tunamrudisha kliniki.

Kuna jambo ambalo mtu wa Keko anapaswa kulijua kuliko mkazi wa mtaa mwingine wowote, kwa sababu gereza la mahabusu liko hapo hapo mtaani. Mtu aliyekaa ndani miezi kadhaa bila unga, au aliyefungiwa chumbani wiki mbili, au aliyetoka nyumba ya upataji nafuu, mwili wake umeshapoteza ile hali ya kuhimili. Akili inakumbuka kiwango cha zamani, mwili haukiwezi tena. Akitumia kiasi kilekile alichokuwa akitumia kabla, sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi inalala. Siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha kiasi, na ndizo hizo ambazo familia huwa imelegea kwa furaha.

Kwa hiyo kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue dalili. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zinageuka bluu au kijivu, pumzi inakuja kwa mbali au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, na ukimwita na kumtikisa haamki. Usimwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimwache alale iishe yenyewe. Ikiwa hapumui, au anapumua kwa taabu, mpulizie pumzi mdomoni huku mwingine akitafuta bajaji au gari. Ikiwa anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie. Hospitalini kuna dawa ya naloksoni inayoiondoa heroini kwenye vile vipokezi kwa dakika chache. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, asirudi nyumbani kabla ya daktari kumruhusu, maana naloksoni huisha nguvu mapema na usingizi ule unaweza kurudi.

Tukija kwenye tiba yenyewe, mkazi wa Keko ana bahati ya jirani. Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, mpango wa kwanza wa umma wa aina hiyo kusini mwa Sahara ukiviacha visiwa. Ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye mikoa mingine. Kutoka Keko hadi hospitali ya Temeke si mbali. Wapo wanaokwenda kwa miguu. Dawa ni bure. Ni ya maji. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa, kipimo chake kinamiminwa kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele ya mhudumu, anashushia maji, anasema neno moja mawili ili ijulikane kwamba amemeza. Kesho tena. Jumapili, Idi na Krismasi pia.

Nimesikia mara nyingi, misikitini, makanisani na kwenye vikao vya ukoo, kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hoja hii inastahili jibu kamili, kwa sababu inaua. Heroini hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache, hivyo mtu anaishi kati ya stimu na arosto, na siku nzima inakwisha kwa kutafuta hela ya kete inayofuata. Methadoni hupanda polepole na kudumu zaidi ya saa 24. Ikishapatikana dozi inayomfaa, hapati stimu na hapati arosto. Kama ni fundi samani, anaweza kushika randa, akapima mbao, akapiga msasa kitanda cha sita kwa sita bila mkono kutetemeka. Anaweza kwenda msikitini au kanisani akasali akiwa na akili zake. Dua na maombi yana nafasi yake na familia isiyaache. Yasitumike tu kumwachisha mtu dawa.

Lakini dozi hiyo haipatikani siku ya kwanza. Huanza ndogo na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, kwa usalama. Katika kipindi hicho mgonjwa bado anasikia arosto kidogo, na nyumbani wanaanza kusema dawa haimsaidii. Hapo anahitaji mtu wa kumwambia avumilie, na wa kumlinda asichanganye methadoni na unga, pombe au vidonge vya usingizi kama Valium. Mchanganyiko huo huzima pumzi. Vilevile, akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi, daktari lazima ampime upya kabla ya kumrudishia. Asijaribu kufidia.

Na kuna hili la kifua kikuu. Watumiaji wa unga hukipata zaidi kuliko watu wengine, na dawa yake kuu, rifampisini, huharakisha ini kuivunja methadoni. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya hivyohivyo. Matokeo yake, mtu aliyekuwa ametulia miezi sita anaanza tena kutoka jasho, kupiga miayo na kukosa usingizi, wakati dozi anakunywa kila siku. Nyumbani wanaona dalili zilezile za zamani na kuhukumu papo hapo: karudia huyu. Yeye anaapa hajarudia, hakuna anayemwamini, na baada ya wiki mbili za kutoaminiwa anakwenda kweli kununua kete. Dawa ya hili ni sentensi moja kwenye kliniki: daktari, mwanangu ameanza dawa za TB. Dozi inapandishwa. Mgonjwa mwenyewe anaweza asijue kwamba vitu hivi viwili vinahusiana, ndiyo maana ndugu anayekwenda naye kliniki siku ya miadi ana thamani kubwa.

Je, kama hataki kwenda kabisa? Mwanasaikolojia Robert Meyers wa New Mexico, Marekani, alitengeneza njia ya kuifundisha familia badala ya kumsubiri mgonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, kwa familia za walevi wa pombe waliokataa tiba, asilimia 64 ya walevi hao waliingia kwenye matibabu baada ya ndugu zao kufundishwa njia hiyo. Kwa familia zilizofundishwa kumkabili mgonjwa kwa kikao cha pamoja, ilikuwa asilimia 30. Tofauti hiyo inatosha kumfanya baba aahirishe kile kikao cha wajomba cha Jumamosi.

Mafunzo yenyewe hayana uchawi. Usizungumze naye akiwa amelewa au akiwa kwenye arosto, mngoje atulie. Ongea kifupi, sema ulichokiona na unavyojisikia, halafu toa njia. Badala ya "Wewe teja umeanza tena," mama anaweza kusema: "Mwanangu, jana hukwenda kliniki. Nilikaa na wasiwasi mpaka usiku. Kesho asubuhi twende wote, nauli ninayo." Siku ambayo hajatumia, kaa naye, mpikie anachokipenda, mtume dukani kama mtu wa nyumba. Siku ambayo katumia, usimpige na usimfunikie: usiende kwa bosi wake kusema anaumwa malaria, usilipe deni lake la maskani.

Hela ndiyo sehemu ngumu kuliko zote hapa mtaani. Fundi samani wa Keko hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kochi likiuzwa leo analipwa leo, taslimu, na njia ya kurudi nyumbani inapita vijiweni. Zungumzeni akiwa ametulia, akubali mwenyewe kwamba mke, dada au mwenye karakana ndiye atakayemshikia malipo, ampe ya chakula na nauli. Ikifanywa kwa makubaliano, na akionyeshwa kila wiki akiba yake imefika wapi, hainyang'anyi heshima yake. Ikifanywa kwa kumpekua mifuko akilala, itazaa uongo mpya.

Mabinti wanahitaji kutajwa peke yao. Kwenye foleni za methadoni wanawake ni wachache sana, na sababu moja ni kwamba mtoto wa kiume akianza unga mama yake huhangaika naye, wa kike hufukuzwa. Mwishoni mwa 2012, mwanamuziki Ray C alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu ya uraibu wa heroini. Alikwenda na mama yake mzazi. Binti wa Keko ambaye hakuwahi kuimba redioni anastahili mama wa namna hiyohiyo.

Tahadhari nyingine moja, kwa wenye ndugu wa pombe na gongo: kufuli kwao ni hatari zaidi. Mlevi wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa akafa. Apelekwe hospitali aachishwe kwa dawa. Na kama mnatafuta nyumba ya upataji nafuu, nendeni muione kabla ya kulipa. Ulizeni kama wanapiga, kama wanafunga watu minyororo, kama mgonjwa wa methadoni au wa dawa za VVU anaruhusiwa kuendelea na dozi yake. Jibu likiwa na kigugumizi, ondokeni.

Msisubiri mgonjwa akubali ndipo mtafute msaada. Mama, dada au mjomba anaweza kwenda peke yake kliniki ya methadoni ya Temeke akauliza utaratibu wa kumwandikisha ndugu yake. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu ya bure, 119.