Mikono mingi bila mpango: funzo la mashine ya sataranji

Hapa Naviundu, kisha poste ya muchana, tunacheza dama na vifuniko vya chupa. Juzi tulizungumza juu ya ordinateri. Mwenzetu mumoja, mutoto wake anapenda sataranji, ile muchezo Wafaransa wanaita échecs. Anataka ordinateri ya prosesa 8. Ile ya prosesa 4 iko na bei ya chini. Baba akatuuliza: nikilipa ya 8, itacheza na nguvu mara mbili?

Hapana, ndugu.

Prosesa ni ile kichwa ya mashine inayofanya hesabu. Mwaka 1997, kule New York, mashine Deep Blue ya IBM ilimushinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, pointi 3.5 kwa 2.5. Ndani mulikuwa prosesa 480 zilizotengenezwa paka kwa sataranji. Kila moja iliweza kupima hali za muchezo milioni 2 hivi kwa sekunde. Zote pamoja, karibu milioni 960. Lakini katika mashindano yale wastani ilikuwa milioni 126. Zingine zilipotelea wapi? Prosesa nyingi zilikuwa zinangojea kupewa kazi.

Tena, programu ya sataranji inaacha njia mbaya mapema. Ni kama shimoni: wa kwanza akivumbua mshipa unaelekea wapi, wengine hawana lazima ya kuchimba pengine. Wakianza wane kwa mara moja, watatu wanaweza kutoka jasho ya bure.

Ndiyo, prosesa zinaongeza nguvu, mashine inaona mbele zaidi. Lakini kila unayoongeza inaleta kidogo kuliko ya mbele yake. Mwaka 1996, kule Philadelphia, Kasparov alishinda 4 kwa 2. Watu wa IBM hawakuongeza paka hesabu ya haraka. Walitengeneza upya prosesa zenyewe ziujue muchezo vizuri, na bingwa Joel Benjamin akawasaidia.

Tulimushauri baba: nunua ya 4, pesa inayobaki lipa minervali.

Na sisi wa mugodi tushike hii. Siku chefu atasema, «nimewaongezea watu 10, mutoe mara mbili», tumuulize kwa heshima: lampe ziko wapi? Kamyo ziko wapi? Nani amepanga kazi? Watu wakisongamana bila mpango, mawe haiongezeki sana. Hatari ndiyo inaongezeka.