Sherehe za vyuo vikuu: Kabla ya kuhesabu tikiti, kamati zihesabu milango

Katika vyuo vikuu vingi, ripoti ya sherehe ya kila mwaka ya wanafunzi inajaa kurasa mbili tu, na mara nyingine haiandikwi kabisa. Kamati inaeleza tikiti ngapi ziliuzwa na mwanamuziki alilipwa kiasi gani, kisha inamaliza kwa kusema kwamba mambo yalienda vizuri. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekufa na deni si kubwa sana. Baadaye viongozi wa kamati wanapata diploma zao, wanaondoka, na wale wanaowafuata wanaanza tena kutoka sifuri.

Siku ya posho, tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Cochin, mjini Kochi katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kilikuwa katika sherehe yake iitwayo Dhishna. Jioni ile mwimbaji Nikhita Gandhi alitazamiwa kuimba katika ukumbi wa chuo. Wenye ruhusa walikuwa wanaingizwa ndani, na wengine wengi walikuwa wamesimama nje wakisubiri. Mvua ikaanza kunyesha. Watu wakakimbilia mlango mmoja, na baada ya mlango ule kulikuwa na ngazi za kuteremka. Wa mbele wakaanguka. Wa nyuma hawakuona kitu, wakaendelea kusukuma. Vijana wanne walikufa, watatu kati yao wanafunzi wa chuo hicho, na makumi ya wengine wakajeruhiwa. Mwimbaji alikuwa bado hajapanda jukwaani.

Mvua si jambo la ajabu Kerala, na ngazi zile hazikujengwa siku ile. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mlangoni pale mwaka uliotangulia angeweza kuliona tatizo, kama angeulizwa.

Wakongomani hawana haja ya kwenda India ili kuelewa. Siku ya posho pia, tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2022, watu 11 walikufa kwenye Stade des Martyrs mjini Kinshasa, katika tamasha la Fally Ipupa, kulingana na hesabu iliyotolewa na serikali. Uwanja ulikuwa umepokea watu kupita kiasi chake.

Mahali ambapo sherehe ya wanafunzi ilichunguzwa kwa kina kabisa ni Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani. Huko, kwa miaka mingi, wanafunzi walikuwa wanakata miti wao wenyewe, wanaipanga kama mnara na kuiwasha moto kabla ya mechi kubwa ya mwaka dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas. Tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 1999, usiku wa manane, mnara wa magogo 5.000 hivi ulianguka wakati vijana wengi walikuwa juu yake wakifanya kazi. Watu 12 walikufa na 27 wakajeruhiwa.

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2000, na haikutafuta kosa la usiku ule peke yake. Ilirudi nyuma miaka mingi. Iliona kwamba hapakuwa na mchoro wa injinia ulioandikwa. Kazi ilikuwa inafundishwa kwa mdomo, kutoka kwa mwanafunzi wa zamani hadi kwa mpya, na kila kundi lilibadilisha kitu kidogo pasipo kupima mabadiliko hayo yanafanya nini kwa mnara mzima. Wakuu wa chuo hawakuwa wamelala: walihangaikia pombe na mwenendo mbaya wa wanafunzi. Lakini hakuna aliyeuliza kama mnara wenyewe unaweza kusimama. Ndipo chuo kikasimamisha moto huo kwenye kampasi. Tangu 2002 kuna wanaouwasha nje ya chuo, bila msaada wake.

Hili la wakuu wa Texas linapatikana pia kwetu. Rekta akisikia neno sherehe, anawaza bia na kelele. Ni haki yake, lakini nyaya za umeme zinazopita chini ya miguu ya watu, au jenereta iliyowekwa karibu na mlango, hazimo katika barua yake ya ruhusa.

Kuna pia wanaofanya vizuri. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, chuo ambacho leo kina tawi mjini Kigali, karnavali ya kila mwaka ina mashindano ya vigari visivyo na mota, yaliyoanza mwaka 1920. Wakimbiaji wanapokezana kusukuma kigari mlimani, halafu kinateremka chenyewe, dereva akiwa amelala ndani yake. Ni mchezo wa hatari waziwazi. Kwa hiyo dereva anavaa kofia ngumu, breki zinajaribiwa, na mazoezi yanafanyika asubuhi mapema kabla ya siku yenyewe kufika. Kanuni zinaandikwa, na kundi linalofuata linazikuta. Pesa ya Pittsburgh haiko Bukavu wala Lubumbashi, lakini daftari la kuandikia kanuni si kitu cha bei.

Usalama si swali pekee. Afrika ya Kusini, wanafunzi walikuwa na sherehe iitwayo RAG, yaani kukumbuka na kutoa: wanapamba magari, wanazunguka mji na kukusanya pesa kwa ajili ya maskini. Huko Cape Town pesa hizo zilisaidia SHAWCO, shirika la wanafunzi lililoanzishwa mwaka 1943 na mwanafunzi wa udaktari, Andrew Kinnear. Muda ukapita, na watu wakauliza: magari yanayopambwa yanakula kiasi gani, na kiasi gani kinamfikia maskini? Vyuo kadhaa viliacha sherehe hiyo au kuigeuza iwe kazi ya kusaidia wakaaji. Kipimo cha kwanza cha sherehe ni lile jambo ambalo yenyewe ilisema itafanya.

Kwa kamati za Goma, Bukavu, Kisangani au Lubumbashi, kazi inaweza kuanza juma moja baada ya sherehe, kabla watu hawajasahau. Waliocheza hadi usiku watasema ilikuwa tamu, na hilo halifundishi kitu. Afadhali kuuliza waliobaki nyumbani: bei ya tikiti, au giza la njia ya kurudi? Msichana anayekaa mbali na kampasi atajibu tofauti na mvulana anayelala katika homu. Aliyesafisha uwanja asubuhi anajua maji yalituama wapi na watu walijisaidia wapi, kwa sababu vyoo vilikuwa vimefungwa. Mlinzi anajua ni saa ngapi alishindwa kuhesabu walioingia.

Majibu hayo yaandikwe na nakala iachwe kwa ofisi inayoshughulikia wanafunzi, maana ofisi haipati diploma na kuondoka. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo matatu: ukumbi unabeba watu wangapi, una milango mingapi inayofunguka kweli, na jina la mtu atakayekuwa na ufunguo wa mlango wa pili kuanzia saa kumi na mbili za jioni, pamoja na namba yake ya simu.