RELI JUU YA RAFU: MFANO WA TAZARA KATIKA CHUMBA CHA DARASA

Reli ya Tanzania na Zambia, ijulikanayo zaidi kwa jina la TAZARA, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, reli ikafika mpakani Tunduma mwaka 1973, na kazi yote ikakabidhiwa rasmi kwa nchi hizi mbili mwaka 1976. Katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, reli hiyo hupita Vwawa na Tunduma. Lakini mwanafunzi wa Saza, penye machimbo ya zamani ya dhahabu mbali na njia hiyo, aghalabu huijua kwa kusimuliwa tu.

Makala hii inaeleza jinsi mfano mdogo wa reli unavyoweza kujengwa juu ya rafu inayozunguka kuta za chumba, na kanuni za sayansi zinazoonekana katika kazi hiyo. Mfano huu si mchezo mtupu. Karibu kila tatizo linalompata mjenzi wa rafu lilimpata pia mhandisi wa reli kubwa, ila kwa vipimo tofauti.

Kuchagua kipimo

Jambo la kwanza ni kuamua mfano utakuwa mdogo mara ngapi kuliko kitu chenyewe. Reli za mifano zinazopatikana kwa wingi zaidi madukani duniani zina upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Tukigawanya 1,067 kwa 64 tunapata milimita 16.7, yaani karibu sawa kabisa na reli ya dukani. Kwa hiyo mfano wa TAZARA hufaa kujengwa kwa kipimo cha 1 kwa 64. Anayependa mfano wa reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 na yenye upana wa milimita 1,435, atumie reli ile ile ya dukani, lakini mabehewa yake yawe ya kipimo cha 1 kwa 87.

Chumba chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 kina mzunguko wa mita 18. Kwa kipimo cha 1 kwa 64, hizo ni sawa na kilometa 1.15 tu. TAZARA nzima ingehitaji rafu ya kilometa 29! Ni dhahiri basi kwamba mjenzi hana budi kuchagua sehemu chache: labda kituo cha Tunduma, daraja moja, na handaki moja kati ya yale 22 yaliyochimbwa katika njia hiyo.

Upana wa reli hauna msamaha. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, yaani milimita 67 pungufu ya TAZARA. Kwa sababu hiyo njia hizo mbili zilipokutana Kidatu, behewa la moja halikuweza kuingia katika nyingine, na mwaka 1998 kilifunguliwa huko kituo cha kuhamishia mizigo. Juu ya rafu yetu tofauti hiyo ni milimita 1 tu, lakini hata hiyo yatosha kuangusha treni. Mjenzi na akate kipande cha bati chenye upana kamili wa milimita 16.5, akipitishe katikati ya reli mahali pote kabla ya kugongomea.

Rafu na daraja la mlangoni

Rafu iwe na upana wa sentimeta 15 hivi, na katika pembe za chumba iwe pana zaidi ili kona ipate nafasi. Ikiwekwa juu ya mlango, kimo cha sentimeta 220 hivi, treni itazunguka bila kuzuia njia. Ikiwekwa chini zaidi ili watoto waone vizuri, itahitaji daraja la kuondolewa penye mlango.

Hapa kuna somo zuri. Ubao wenye upana wa sentimeta 10 na unene wa sentimeta 2, ukilazwa bapa juu ya egemeo mbili, hupinda mara 25 zaidi kuliko ubao huo huo ukisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba. Sababu ni kwamba ukakamavu wa boriti hukua kwa mchemraba wa kimo chake: kimo kikizidi mara 2, ukakamavu huzidi mara 8. Ndiyo maana mihimili ya chuma ya madaraja huwa mirefu kwenda juu na myembamba kwa upana.

Usawa wa rafu upimwe kwa pima maji, au kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kama wafanyavyo waashi. Mwinuko wa sentimeta 2 katika kila mita 1 hauonekani kwa jicho, lakini ni mkali kwa treni, kwa kuwa gurudumu laini la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo wa kushika.

Kona

Treni ikizunguka chumba mara moja, gurudumu la nje husafiri mbali zaidi kuliko la ndani kwa milimita 104. Tofauti hii haibadiliki hata chumba kikiwa kikubwa. Ni upana wa reli uliozidishwa kwa 6.28. Magurudumu yote mawili yamefungwa katika ekseli moja, basi yawezaje kwenda umbali usio sawa? Jibu limo katika umbo lake. Uso wa gurudumu la treni si bapa, bali umechongwa kama pia. Penye kona, ekseli husogea nje kidogo, gurudumu la nje likakanyaga kwa kipenyo kikubwa na la ndani kwa kipenyo kidogo. Kona ikiwa kali mno, usogeaji huo hautoshi, ukingo wa gurudumu husugua reli na hatimaye huipanda. Nusu kipenyo cha kona zetu kisipungue sentimeta 60.

Joto na umeme

Chini ya paa la bati, joto la chumba laweza kupanda nyuzi 20 toka alfajiri hadi alasiri. Mita 18 za chuma hurefuka milimita 4 kwa joto hilo. Reli zisipoachiwa nafasi ndogo penye maungio, zitabenuka. Katika reli kubwa, kilometa 1 ikipashwa nyuzi 30 hurefuka sentimeta 36.

Treni za mfano hutumia umeme wa volti 12, kiasi kile kile cha betri ya sola ndogo. Chuma kimoja cha reli huleta mkondo, cha pili huurudisha. Nyaya zikibadilishwa, treni hurudi nyuma. Fyuzi ni ya lazima, na kamwe reli isiunganishwe moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Kwa kuwa aloi ya reli hizo hukinza umeme zaidi ya mara 10 kuliko shaba, treni huchoka ikiwa mbali na betri. Dawa yake ni kupitisha waya mnene wa shaba chini ya rafu, na kuuunganisha na reli kila baada ya mita 2.

Pasipo fedha za injini, waya wa chuma ulionyooshwa na kigari cha mbao kinachovutwa kwa uzi hufundisha mambo yale yale ya usawa, upana na kona. Mwanafunzi aliyepima mita 18 kwa uangalifu, akaona milimita 1 ikiangusha behewa, atafahamu kwa nini mafundi wa reli hukagua njia kila siku, na kwa nini abiria anayetoka Tunduma hufika salama.