Bangi ya Harufu ya Limau: Mbegu Moja, Bahati Nasibu na Miaka 20 Ndani

Umekaa base jioni na mbogi yako. Msee mmoja anafika na kamfuko kadogo, anakafungua pole pole kama mtu anaonyesha dhahabu. "Buda, hii si ile shash umezoea. Hii ni Super Lemon Haze, imetoka Amsterdam." Unanusa. Ukweli usemwe, kuna harufu ya limau hapo ndani. Halafu anataja bei na unashtuka.

Ama ni beshte yako amekutumia linki ya duka la mbegu huko majuu. Anakuambia mchange doo, muagize mbegu kumi, mpande kwa shamba la shosho ushago. Baada ya miezi nne hivi, ati nyinyi ni mabosi.

Kabla utoe hata bob, tulia usome hii mpaka mwisho. Kuna vitu hakuna mtu amekuambia: hiyo harufu hutoka wapi, kwa nini mbegu yake ni kama bahati nasibu, na Kenya itakufanya nini ukipatikana na mche hata mmoja.

Jina lilitoka wapi

Super Lemon Haze ni ya ukweli, si jina la kubuniwa mtaani. Ilitengenezwa Amsterdam na kampuni ya mbegu ya Green House. Walichukua Lemon Skunk, ukoo uliochaguliwa kwa sababu ya harufu yake ya limau, wakauchanganya na Super Silver Haze. Hiyo ya pili nayo ni mchanganyiko wa Haze, Skunk na Northern Lights. Kwa hivyo tunaongea kuhusu mtoto wa machotara, na wazazi wake pia ni machotara.

Mwaka 2008 ilishinda Cannabis Cup, yale mashindano jarida la Marekani la High Times lilikuwa likifanya Amsterdam. Mwaka 2009 ikashinda tena. Kutoka hapo jina likaenda dunia nzima, na kila muuzaji mwenye kitu kinachonuka ndimu akaanza kukiita Lemon Haze.

Na ujue hata huko Uholanzi si kila kitu ni halali vile watu hudhani. Tangu 1976 sheria yao imetenganisha bangi na dawa ngumu, na serikali ikaamua kufumba jicho kwa kiasi kidogo. Coffeeshop inaweza kukuuzia gramu 5 kwa siku bila kusumbuliwa. Lakini kwa miaka mingi mwenye duka hakuwa na njia halali ya kununua hiyo stoki. Mlango wa mbele umefunguliwa, wa nyuma ni wa kujificha. Ndiyo maana Desemba 2023 walianza jaribio katika miji ya Breda na Tilburg, maduka yauze bangi ya wakulima waliopewa kibali na serikali.

Harufu ya limau ni ya nini hasa?

Hakuna limau ndani ya hiyo mmea. Kuna limonini.

Limonini ni mafuta mepesi ambayo mimea mingi hutengeneza. Ni hiyo hiyo iko kwa ganda la chungwa na la limau. Ukikunja ganda la chungwa karibu na moto wa mshumaa, zile cheche zinaruka pap pap ndizo hizo mafuta zikiungua. Kwa bangi, mafuta ya aina hii hukaa kwa vinyweleo vidogo vyenye utomvu juu ya maua, mahali pale pale THC hutengenezwa. THC ndiyo ile kemikali inakulewesha.

Limonini haiko peke yake. Koo nyingi za Haze zina terpinolini, ambayo hunuka kama msonobari na matunda kwa pamoja. Kuna pia mirsini, ambayo iko kwa embe na hops za bia. Harufu unayopata ni mchanganyiko wa hizo zote.

Sasa shika hii: mafuta haya huruka hewani haraka. Joto, jua, kukaushwa vibaya, kugandamizwa kwa gunia na kusafirishwa siku kadhaa, yote hupunguza harufu. Kwa hivyo kitu kimebebwa kimefinywa kama tofali halafu bado kinanuka limau mbichi, jiulize maswali. Limonini huuzwa kwa chupa. Iko kwa sabuni, iko kwa dawa ya kusafisha sakafu. Harufu inaweza kununuliwa. Pua yako si maabara.

Mbegu: uliza shosho kuhusu mahindi

Hapa ndipo wengi huchezwa.

Shosho yako akipanda mahindi ya haibridi, tuseme H614, msimu wa kwanza anavuna poa. Lakini akichukua punje za hayo mahindi apande tena mwaka ujao, shamba linageuka sarakasi. Moja ndefu, moja fupi, gunzi moja kubwa, lingine kama kidole. Mazao yanashuka. Ndiyo maana kila msimu anarudi dukani kununua mbegu mpya. Sifa za wazazi zimechanganyika upya, na kila punje imepata mgao wake.

Bangi ya chotara iko hivyo hivyo, na wakati mwingine imezidi. Mbegu umeokota kwa kamfuko si nakala ya ule mmea ulitoa hayo maua. Ni mtoto wake. Anaweza kufanana na mama, anaweza kufanana na babu wa Northern Lights, anaweza kunuka limau ama anuke nyasi iliyolala usiku. Hata mbegu za paketi moja zilizonunuliwa dukani hutoa ndugu wenye tabia tofauti.

Wakuzaji wenye leseni wakitaka kitu kile kile kila mara, hawategemei mbegu. Wanapanda mbegu nyingi, wanachagua mmea mmoja wenye harufu na umbo wanalotaka, halafu wanakata vitawi vyake na kuvifanya miche. Ni kama vile sisi hupanda muhogo na miwa kwa kukata shina. Hata huo mlimau wenyewe wa kuuza, wakulima wetu huubandika kwa shina la mlimau wa kienyeji ili tunda lisibadilike. Kwa hivyo msee akikuambia mbegu moja itakupa Super Lemon Haze yenyewe, anakuuzia matumaini.

Kuna jambo lingine. Bangi ina mmea wa kiume na wa kike. Maua yanayouzwa ni ya kike. Kwa mbegu za kawaida, karibu nusu hutoka kiume, na dume mmoja akimwaga chavua yake, majike yaliyo karibu hujaa mbegu. Kampuni huuza mbegu zinazoitwa za kike, zinazopatikana kwa kulazimisha mmea wa kike utoe chavua. Lakini ukiangalia mbegu kwa macho, huwezi kujua ni ya kike, ya kiume, ya Amsterdam ama ya Busia. Zote ni kapunje ka kahawia kenye mistari. Anayekuuzia anajua hilo vizuri sana.

Na jua letu je?

Hii wengi hawajawahi kuisikia. Bangi ya aina hii husoma urefu wa usiku. Siku zikiwa ndefu, inaongeza majani na shina. Usiku ukifika karibu saa 12, inaanza kutoa maua. Kule Ulaya, wakulima wa ndani huwasha taa saa 18 kwa siku ili mche ukue, halafu wanapunguza hadi 12 uanze kutoa maua. Kutoka hapo Super Lemon Haze huchukua wiki 9 ama 10.

Sasa Nairobi iko karibu na ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, Januari mpaka Disemba. Mche wa mbegu iliyotengenezwa kwa taa za Amsterdam ukifika hapa unaona usiku mrefu kila siku, kwa hivyo huanza maua ukiwa bado kamche, kabla haujapata mwili. Ile picha ya mti mkubwa uliona kwa mtandao ilipigwa chini ya taa, feni, vichujio vya hewa na bili ya stima ambayo mwenye plot wako angeita mkutano juu yake. Na usisahau, maua yakianza kunuka limau, jirani hahitaji kuambiwa.

Kunuka poa si kuwa salama

Watu husema, "Hii ya limau ni laiti, haina shida kwa kichwa." Wacha tuangalie.

Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walijaribu watu 20. Waliwapa THC pekee, na siku nyingine THC pamoja na limonini. Kipimo cha limonini kilipokuwa kikubwa, wasiwasi na hofu vilipungua. Hiyo ni habari nzuri kwa sayansi. Lakini ni utafiti mdogo, wa maabara, na vipimo vilivyopimwa. Si ruhusa ya kamfuko ka base.

Upande ule mwingine, mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa Ulaya na Brazil. Waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 na zaidi walikuwa karibu mara 5 kwenye hatari ya kupata ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia vitu visivyokuwepo, ukiwalinganisha na wasiowahi kutumia. Mojawapo ya miji ambapo uhusiano huo ulionekana kwa nguvu zaidi ni Amsterdam, huko huko nyumbani kwa Lemon Haze. Na bangi za ukoo huu huuzwa zikitangazwa kuwa na THC inayokaribia asilimia 20. Kama uko chini ya miaka 25, ubongo wako bado unajengwa. Kama kwenu kuna mtu amewahi kuugua akili, hatari yako iko juu zaidi. Harufu ya tunda haipunguzi hiyo hesabu.

Karao hanusi limau

Tufike kwa ile inauma.

Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi huko anaweza kupanda mimea 3 kwake. Kama una cuzo Berlin, atakuambia anamwagilia yake kwa balkoni bila presha. Lakini sheria ya cuzo haivuki ndege na wewe.

Hapa Kenya tuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Ilirekebishwa 2022, na ukipatikana na bangi ukaridhisha korti kwamba ilikuwa ya matumizi yako mwenyewe, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 ama faini isiyozidi KSh 100,000. Wasee wengi waliisikia hiyo wakadhani mambo yamelegea.

Kupanda ni kesi nyingine kabisa. Kifungu cha 6 kinasema anayekuza huo mmea anaweza kupigwa faini ya KSh 250,000 ama mara tatu ya thamani yake sokoni, ile itakuwa kubwa, ama kifungo cha hadi miaka 20, ama vyote viwili. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa kama ni ya limau" ama "kama ni mche mmoja wa kujaribu".

Na soma hii mara mbili: kifungu hicho kinamgusa pia mwenye shamba ama nyumba anayeruhusu itumiwe kukuza. Ile plani ya shamba la shosho? Akijua akanyamaza, yeye pia yuko kwa hiyo kesi. Mzee wa miaka 70 anasimama kizimbani kwa sababu mjukuu alinusa limau akaota utajiri.

Utasema sheria itabadilika. Labda. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada 2018. Jamii ya Rastafari ilienda Mahakama Kuu 2021. Profesa Wajackoyah aliifanya sera ya kampeni 2022, watu wakacheka na kucheza naye, lakini kwa debe alipata chini ya asilimia 1. Mjadala uko, na una haki ya kuushiriki. Lakini karao anatumia sheria ya leo, si ya kesho.

Kwa hivyo?

Ukipenda sayansi ya hii kitu, iko na utamu wake. Jifunze mambo ya mbegu, kubandika miche na mafuta ya mimea. Ukitaka kujaribu mikono, huo ujuzi wote unafanya kazi kwa malimau, machungwa na maembe. Mche mzuri wa limau uliobandikwa huuzwa peupe barabarani, mchana kweupe, na hakuna mtu anakukimbiza.

Na ule msee wa kamfuko akirudi base kesho, mwulize maswali mawili tu: "Huu mmea ulitoka kwa kitawi ama kwa mbegu? Na tukishikwa, nani atamlipia shosho wakili?"

Uone vile atafunga kamfuko.