Hindibaa: Mmea Usiohitaji Hadithi za Kubuni

Mmea wa chikori, ambao Waarabu huuita hindibaa, umezungukwa na maneno mengi. Husemwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliuhimiza, na kwamba hapiti siku ila hudondokewa na matone ya Peponi. Tusiyapokee maneno haya. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350 Miladia), aliutaja katika Zaadul Ma'aad na kubainisha kuwa Hadithi tatu zinazosimuliwa juu yake hazikuthibiti, bali zimezuliwa. Hata hivyo hakuudharau. Aliendelea kueleza tabia na manufaa yake. Naye Ibn Sina aliuandikia risala nzima. Kumzulia Mtume ni jambo zito, hata kama kinachosifiwa ni mboga tu.

Tutazame basi yaliyomo ndani ya mmea wenyewe. Mzizi wake ukikaushwa, ukakaangwa hadi uwe kahawia iliyokoza, kisha ukasagwa, hutoa kinywaji cheusi na kichungu kinachokaribia kahawa, nacho hakina kafeini. Wafaransa waliukumbatia zaidi baada ya mwaka 1806, Napoleon alipoizuia biashara ya Uingereza na kahawa ikaadimika. India Kusini huuchanganya na buni hadi leo. Kwetu sisi, ambao barza bila dele haijakamilika, mwenye kukosa usingizi au mjamzito aliyeambiwa apunguze kahawa anaweza kuutia tangawizi na iliki akapata ladha aliyoizoea.

Lakini asome maandishi ya mkebe kwanza. Mikebe mingi yenye jina la chikori ni mchanganyiko, na kahawa imo. Mjamzito pia amuulize daktari kabla ya kuufanya mazoea.

Mzizi huu una inulini, aina ya nyuzi isiyomeng'enywa tumboni, ambayo hulisha bakteria wema wa utumbo. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba gramu 12 za inulini ya chikori kwa siku husaidia choo kwenda vizuri. Ukianza kwa pupa, utajaa gesi; anza kwa kidogo. Mwenye vijiwe vya nyongo ajihadhari, na mwenye kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya kikombe hiki.

Kuupanda pwani kuna shida yake, kwani hupenda baridi na udongo laini wenye kina. Joto huufanya utoe maua mapema na majani yawe machungu mno. Mizizi mizuri ni ya nyanda za juu. Sisi tunaweza kupata majani: mbegu zifukiwe kidogo tu katika chungu kilicho kivulini, miezi ya kusi, na majani yachumwe yangali machanga.

Uchungu huo si mgeni kwetu. Mchunga wetu wa porini, tunaoupika kwa tui, ni wa ukoo mmoja na hindibaa. Lebanon na Palestina huchemsha majani ya hindibaa, huyakamua, kisha huyakaanga kwa mafuta ya zeituni na kuyafunika kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia. Hukamuliwa ndimu juu yake, na huliwa yakiwa yamepoa, kwa mkate.