Kutoka Sitaha hadi Ugavana: Robert FitzRoy na Mipaka ya Mamlaka Nyuzilandi, 1843–1845

Robert FitzRoy (1805–1865) anafahamika zaidi kama nahodha wa Beagle, meli iliyomchukua Charles Darwin kuzunguka dunia kati ya mwaka 1831 na 1836. Miaka yake miwili ya ugavana Nyuzilandi hutajwa kwa ufupi, na kushindwa kwake aghalabu huelezwa kwa tabia yake: wepesi wa hasira na mazoea ya kuamrisha. Makala hii inajenga hoja kwamba maelezo hayo hayatoshi. FitzRoy alikabidhiwa cheo kisichokuwa na nyenzo za kukitekeleza.

Baharini, nahodha alikuwa na sheria, chakula na nguvu ya kuadhibu mkononi mwake. FitzRoy alilelewa katika utaratibu huo tangu alipoingia chuo cha wanamaji cha Portsmouth akiwa na umri wa miaka 12. Alipowasili Auckland mwezi Desemba 1843, kumrithi William Hobson, ambaye naye alikuwa mwanamaji, alikuta hazina tupu na askari wachache. Isitoshe, zilikuwapo ahadi mbili zinazokinzana: Mkataba wa Waitangi wa 1840 uliwahakikishia Wamaori ardhi yao, ilhali Kampuni ya Nyuzilandi ilikuwa imekwisha kuwauzia walowezi viwanja ambavyo umiliki wake haukuwa umethibitishwa.

Mgongano huo ulidhihirika Wairau. Mwezi Juni 1843, walowezi waliokwenda kuwakamata machifu Te Rauparaha na Te Rangihaeata, kwa kuzuia upimaji wa ardhi, walipambana na watu wao, na Wazungu 22 wakauawa, baadhi yao wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Baada ya kumsikiliza Te Rauparaha mwanzoni mwa 1844, FitzRoy alilaani kuuawa kwa mateka, lakini akaamua kwamba walowezi ndio waliotangulia kukosea. Walowezi waliuita uamuzi huo udhaifu. Hata hivyo, ulilingana na Mkataba, na gavana hakuwa na jeshi la kutekeleza uamuzi mwingine.

Kuhusu fedha, FitzRoy alitoa hati za deni zitumike kama sarafu, akafuta ushuru wa forodha, na kuruhusu walowezi kununua ardhi moja kwa moja kwa Wamaori, jambo ambalo Mkataba uliliweka mikononi mwa Ufalme pekee. Hatua hizo hazikumridhisha Hone Heke, chifu aliyekuwa miongoni mwa waliotia saini Mkataba. Kati ya Julai 1844 na Machi 1845, mlingoti wa bendera ya Uingereza pale Kororareka ulikatwa mara nne; mara ya nne mji wenyewe ukaanguka. Mwezi Novemba 1845 nafasi ya FitzRoy ilichukuliwa na George Grey, ambaye alipewa fedha na askari ambao mtangulizi wake alinyimwa.

Kwa kuhitimisha, tofauti hiyo ya nyenzo ndiyo kipimo cha haki cha kuwalinganisha magavana hao wawili. Maisha ya baadaye ya FitzRoy yanaiunga mkono hoja hii. Kuanzia 1854 aliongoza idara mpya ya hali ya hewa, na mwaka 1861 akaanzisha ishara za tahadhari ya dhoruba bandarini. Ishara hizo hazikumlazimisha nahodha yeyote kubaki nangani, zilimwarifu tu. Mtu anayedaiwa kujua kuamrisha pekee ndiye aliyeasisi huduma isiyokuwa na amri.